Jibu kwa mwalimu wa Mwanza: usingoje hukumu ndipo uanze kupona

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 37, naishi Mwanza. Mume wangu aliondoka nyumbani mwaka jana akaenda kuishi na mwanamke mwingine, na yeye ndiye aliyefungua shauri la talaka. Baraza la usuluhishi la kata lilishindwa kutupatanisha, sasa tuko mahakama ya wilaya na shauri linaahirishwa tu. Silali. Nashtuka saa tisa usiku moyo unaenda mbio. Nikiona ujumbe wake kwenye simu mikono inatetemeka. Nina watoto wawili, wa miaka 11 na 6, na mdogo ameanza kukojoa kitandani. Wifi zangu wanasema najifanya. Mchungaji ananiambia nivumilie. Nyumbani kwetu wanaulizia ng'ombe wa mahari. Aliwahi pia kunipiga. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke. Nitailindaje akili yangu mpaka kesi iishe? Na je, nimwambie mwalimu mkuu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Pole sana.

Nitaanza na sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho kana kwamba haina uzito, kwamba wakati mwingine unatamani ulale usiamke. Nakuuliza waziwazi, kama ninavyowauliza wote wanaokaa mbele yangu na maneno hayo mdomoni: je, ni kuchoka na kutamani mambo haya yakuache upumue, au umeshafikiria kujiua, umefikiria namna, umefikiria siku? Kumuuliza mtu swali hili hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitaja jambo kwa jina lake.

Kama jibu lako ni la pili, acha kusoma hapa. Mwite mtu unayemwamini aje akae nawe leo hii, mkabidhi dawa zote zilizomo nyumbani na sumu yoyote ya shambani au ya panya, kisha mwende hospitali. Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, na kitengo cha dharura hakifungwi usiku. Usingoje kipindi cha kesho kiishe. Na usiogope kusema: kuwa na mawazo hayo na kumweleza daktari si kosa la jinai, ni dalili ya ugonjwa unaotibika.

Kama jibu ni la kwanza, bado naomba umwambie mtu mmoja kabla ya wiki hii kwisha. Kutamani kupumzika kunaweza kugeuka kuwa kitu kingine usiku mmoja tu baada ya habari mbaya ya mahakamani, na usiku huo unahitaji mtu ambaye tayari anajua, usiyelazimika kumsimulia kuanzia mwanzo.

Sasa swali lenyewe. Umeuliza utailindaje akili yako "mpaka kesi iishe". Nimeyasikia maneno hayo kwa watu wengi walio katikati ya talaka, wanawake kwa wanaume, na naona ndiyo yanayowaumiza kuliko wanavyojua. Mtu anaiweka afya yake rehani mahakamani. Nikipata hukumu nitalala. Nikijua nyumba ni ya nani nitakula. Wakati huohuo shauri linatajwa, halisikilizwi. Hakimu ana udhuru. Wakili wa upande wa pili amechelewa. Linapangiwa tarehe nyingine. Na hukumu yenyewe inaweza kukatiwa rufaa. Ukiuahirisha usingizi wako kila shauri linapoahirishwa, utafika siku ya hukumu huna nguvu hata ya kuielewa.

Mwanaanthropolojia Paul Bohannan, aliyefanya kazi miaka mingi kati ya Wativ wa Nigeria kabla ya kuandika kuhusu ndoa za Marekani, alieleza mwaka 1970 kwamba ndani ya talaka moja mna talaka sita: ya moyo, ya kisheria, ya mali, ya malezi ya watoto, ya jamii, na ile ya mtu kujifunza tena kuwa nafsi inayojitegemea. Hakimu ana uwezo juu ya ya pili, na sehemu ya ya tatu na ya nne. Zilizobaki hazimo kwenye jalada lake. Haziendi kwa tarehe za karani, na hakuna hukumu itakayozimaliza kwa niaba yako.

Jambo hili linaeleza pia kitu ambacho nadhani kinakuumiza kila unapoingia mahakamani. Mwenzako amekaa pale ametulia, anajibu kwa sauti ya chini, na wewe unalia. Mawifi wanaona yeye ndiye mwenye akili timamu na wewe unajifanya. Lakini anayeondoka mara nyingi huwa ameianza talaka ya moyo muda mrefu kabla ya kubeba begi. Ameshalia yake, au ameshajizoeza kutolia. Wewe ulianza siku aliyoondoka. Mko chumba kimoja, ila hamko hatua moja ya safari, na utulivu wake hauthibitishi kwamba wewe umechanganyikiwa.

Kutetemeka kwa mikono kuna maelezo ya kimwili. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini, mapigo ya moyo yanapanda, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula. Mfumo huo haujui tofauti kati ya mtu aliyesimama mlangoni na jina lake linalowaka kwenye kioo cha simu, hasa kama mtu huyo aliwahi kukupiga kweli. Na saa tisa usiku si saa ya ajabu. Sehemu ya pili ya usiku usingizi wetu sote huwa mwepesi, na homoni ya kotisoli huanza kupanda kuelekea alfajiri. Mwenye amani hugeuka upande wa pili akalala. Mwenye mashaka hushtuka, na akishashtuka akili inamkabidhi faili lote.

Usingizi ndio ningeushika kwanza. Usipolala, siku inayofuata huwezi kufikiri vizuri wala kuvumilia neno dogo, na kila kitu kinaonekana kikubwa mara mbili. Panga saa isiyobadilika ya kuamka, iwe saa kumi na moja na nusu alfajiri, hata Jumapili, hata kama ulilala kwa saa mbili tu. Saa ya kulala itajirekebisha yenyewe ukiishikilia ya kuamka. Ukishtuka usiku na ukahisi dakika kama ishirini zimepita hujasinzia, toka kitandani. Nenda sebuleni, taa hafifu, fanya kazi isiyo na msisimko: kunja nguo za watoto, chambua mchele. Rudi kitandani macho yakiwa mazito. Simu ibaki nje ya chumba, nunua saa ya kengele ya mezani, bei yake ni ndogo. Usihesabu saa zilizobaki kabla ya kukucha. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukukesha. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa tisa alasiri.

Kuna kitu hukukiandika lakini nitakisema kwa sababu nakutana nacho kila mara. Watu hujitafutia usingizi kwa piritoni, au huchukua valiamu duka la dawa bila cheti. Piritoni ni dawa ya mzio. Kulewa usingizi ni athari yake ya pembeni, na mwili huizoea upesi. Valiamu inaweza kukutia uraibu ndani ya wiki chache tu, na kuiacha ghafla kunaleta mashaka na mtetemeko mbaya kuliko ule ulioukimbia. Kama umeshaanza, usijilaumu, ila mwambie daktari ili akupunguzie taratibu.

Kuhusu simu. Kwa sasa mwenzako anaingia nyumbani kwako saa yoyote anayotaka, jikoni, darasani, kitandani, kupitia ujumbe. Mfungie mlango huo bila kumfungia mawasiliano. Zima arifa za namba yake, peleka mazungumzo yenu kwenye kumbukumbu za WhatsApp yasionekane juu, kisha jipangie muda mmoja kwa siku wa kuyasoma. Mimi nafikiri saa kumi na moja jioni inafaa, baada ya shule na mbali na saa ya kulala. Kama hata hilo ni zito, dada yako au rafiki mtulivu awe anasoma kwanza na kukuambia lililo la lazima. Jibu mambo ya watoto na pesa tu, kwa sentensi mbili au tatu, bila kujitetea. Jambo la dharura la mtoto, akupigie. Usifute matusi wala vitisho. Yahifadhi na umpe wakili au msaidizi wa kisheria, kwa kuwa mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki. Lakini ukishauhifadhi, huna sababu ya kuusoma tena saa sita usiku. Na hali za WhatsApp za yule mwanamke, zifiche leo. Kila unapozitazama, mwili wako unapigwa upya kwa adrenalini ileile, na hakuna picha utakayoiona itakayokupa jibu unalolitafuta.

Jibu hilo tulizungumzie, kwa maana ndilo linalokukesha. Kwa nini alifanya hivi? Nilikosea wapi? Kulikuwa na dalili gani ambazo sikuziona? Ni maswali halali kabisa na sitakuambia uyazuie, kwani wazo linalozuiwa kwa nguvu hurudi na wenzake. Lakini sikiliza matokeo ya utafiti mmoja yaliyonifanya nibadili namna ninavyowashauri watu walioachana. David Sbarra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2013, waliwachukua watu 90 waliotengana na wenzi wao karibuni. Wengine waliandika hisia zao za ndani kabisa kuhusu kuachana, wengine waliandika tu namna walivyotumia siku zao. Wengi wetu tungetarajia waliomwaga ya moyoni wapone haraka. Kwa wale waliokuwa wakihangaika sana kutafuta maana ya yaliyowapata, ikawa kinyume: waliochimba hisia walibaki na maumivu zaidi miezi kadhaa baadaye, na walioandika mambo ya kawaida ya siku walipata nafuu zaidi.

Haina maana kwamba kulia ni kubaya au kwamba usimweleze mtu. Maana yake ni kwamba kuna aina ya kuchimba isiyofika chini. Mtu anayezunguka kwenye "kwa nini" ileile kila usiku hasongi mbele, anarudia jeraha. Kwa hiyo nunua daftari la kawaida la shule. Jioni, baada ya kusoma ujumbe wake na kuujibu, kaa nalo dakika ishirini. Ukurasa wa kushoto andika yale yanayokusumbua, hata "kwa nini" zako zote, upesi upesi, bila kuzifafanua. Ukurasa wa kulia andika ulichofanya leo: nimefundisha hesabu za sehemu, nimemsuka binti, nimelipa umeme. Muda ukiisha funga. Wazo likija saa tisa usiku liambie lina miadi yake kesho jioni. Litakubishia wiki ya kwanza. Endelea.

Kutoka ukurasa wa kushoto, chagua kila wiki tatizo moja tu ambalo linaweza kusogezwa. Njia hii imejaribiwa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Bibi hamhubirii mgonjwa. Anamsaidia kutaja matatizo yote, kuchagua moja, kisha kupanga hatua ndogo ya wiki hiyo. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika hata Zanzibar. Kinachonigusa katika njia hii ni udogo wa hatua. "Nimalize talaka" haliwezi kufanyika wiki hii. "Jumatano nikatafute nakala ya hati ya kiwanja" linaweza.

Mengine katika mashaka yako yana majibu ya kisheria, na kuyajua kunatuliza kuliko dawa. Uwaulize wenye taaluma yao, mimi nataja yale tu ninayoona yanawakesha watu bila sababu. Je, utatoka mikono mitupu? Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba hata kazi za mke za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa, na wewe juu ya hizo una mshahara uliokuwa ukiingia nyumbani humo. Je, watakunyang'anya watoto? Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, linalotangulia ni ustawi wa mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, na mtoto anayeweza kutoa maoni yake mwenyewe husikilizwa. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema mzazi anapoteza watoto kwa sababu alikwenda kutibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona akina mama wakikimbia kliniki kwa hofu hiyo. Kama wakili ni ghali, usikope kwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure wasio na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko.

Siku ya mahakama iandae kama siku ya kazi ngumu ya mwili. Usiku wake weka tayari nguo, hati ya wito na ukurasa mmoja wenye tarehe muhimu za ndoa yenu, ili kichwa kisilazimike kukumbuka huku kikitetemeka. Kunywa uji au kula chochote asubuhi hata kama hakipiti vizuri. Nenda na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukaa kando yako tu, asiyekuja kugombana na mawifi koridoni. Hakimu akiuliza jambo la aibu, vuta pumzi kupitia puani, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara tatu au nne, kisha jibu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo. Nimewafundisha mashahidi wengi na imewasaidia. Na jambo ambalo watu husahau: tenga muda wa saa moja baada ya mahakama. Usitoke kizimbani ukaingia moja kwa moja jikoni kwa watoto. Tembea kando ya ziwa, kaa kwa dada yako, lia huko. Shauri likiahirishwa tena, utakuwa na hasira, na hasira hiyo ni ya haki. Ila asiipokee mtoto wa miaka sita.

Mtoto huyo wa miaka sita anakuambia kwa godoro lake jambo ambalo hana maneno ya kulisema. Watoto wa umri wake wanapopoteza usalama hurudi nyuma kidogo: kukojoa, kunyonya kidole, kukugandia mlangoni. Usimkaripie wala usimwaibishe mbele ya mkubwa. Weka nailoni chini ya shuka, mwamshe akojoe kabla wewe hujalala, asubuhi mbadilishe kimyakimya. Akilalamika maumivu au hali ikiendelea kwa wiki nyingi, apimwe mkojo. Zaidi ya hayo, watoto wa umri huo hudhani wao ndio wamesababisha. Mwambie kwa maneno mepesi, na urudie hata kama hakuuliza: "Baba na mama hatutakaa nyumba moja. Si kwa sababu ya kitu ulichofanya. Mimi ni mama yako na yeye ni baba yako siku zote." Usimwahidi kwamba baba atarudi.

Wa miaka 11 nina wasiwasi naye zaidi, ingawa hukumlalamikia. Mtoto wa umri huo anayekuwa mzuri kupita kiasi nyumba ikitikisika, anayepika, anayemlaza mdogo, anayekuuliza kama umekula, huwa amejipa kazi ya kukutunza wewe. Mshukuru, halafu mrudishie utoto wake. Usimsomee ujumbe wa baba yake. Akitoka kwa baba usimhoji alikuwepo nani. Awe na mtu mzima mwingine wa kusema naye, mjomba au mwalimu wake, na ajue kwamba namba 116 ni ya watoto na haina malipo.

Wazee na mahari. Mwalimu, hao ng'ombe hawakutolewa na wewe wala hukuwapokea wewe. Kama kuna la kuzungumza ni la wazee kwa wazee. Mwombe mjomba au baba mdogo anayesikilizwa abebe mazungumzo hayo, na wewe uambiwe matokeo tu. Kwa mawifi sina maneno mengi: usijitetee. Kila ushahidi utakaowapa kwamba unaumia kweli utasimuliwa kwingine kesho.

Kwa mchungaji natafuta maneno ya heshima, kwa sababu naona katika barua yako kwamba imani ndiyo iliyokushikilia hadi leo. Usiiache. Endelea na kwaya kama unaimba, endelea na jumuiya kama haikuhukumu. Lakini neno "vumilia" akiambiwa mtu aliyeachwa, ambaye shauri lilifunguliwa na mwenzake, linamwachia mzigo asio na uwezo nao. Kurudi kwa mume wako hakumo mikononi mwako. Mwulize mchungaji jambo mahususi: akuombee upate usingizi, akutembelee siku ya mahakama, awaone watoto. Wachungaji wengi wakipewa kazi inayoonekana huifanya vizuri. (Wasomaji wangu Waislamu walio katika eda wana jambo hapa la kuwafaa: ni kipindi ambacho dini yenyewe imempa mwanamke kutulia na kutoharakishwa. Kitumieni hivyo, msiruhusu ndugu wakigeuze kuwa miezi ya mahojiano.)

Umesema pia, kwa maneno matatu, kwamba aliwahi kukupiga. Sitayapita. Sheria ya Ndoa inakataza waziwazi mume kumpiga mke au mke kumpiga mume. Kipindi cha kutengana ni kipindi ambacho mwenye kupiga anaweza kuwa wa hatari zaidi, kwa kuwa anahisi kupoteza mamlaka. Msikutane peke yenu, si kwa kugawana vyombo wala kwa "mazungumzo ya mwisho". Akija kuchukua watoto awepo mtu mzima wa tatu. Akikutishia, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mwambie wakili wako kuhusu kipigo kile, kwani ukatili ni jambo ambalo mahakama huliangalia katika kuamua kama ndoa imevunjika. Kama ndoto za usiku ni za kipigo, au unaruka ukisikia mlango ukibamizwa, umtajie daktari hilo mahususi; matibabu yake yana njia yake.

Maamuzi makubwa yasubiri. Usiombe uhamisho, usiuze kiwanja, usichukue mkopo wa miaka mitano, usimkubalie mwanaume mwingine kwa sababu tu usiku ni mrefu. Sikushauri hivi kwa sababu huwezi kufikiri. Ni kwa sababu kwa sasa unafikiri ukiwa hujalala.

Na hospitali? Kwa haya uliyoyaandika, nenda, hata kama hutaki kufa. Sonona hutambuliwa pale ambapo kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni au amepoteza hamu ya mambo, pamoja na mengine kama kukosa usingizi, chakula kutopita, uchovu, kujilaumu, kushindwa kuzingatia, na kufikiria kifo. Daktari anaweza kukupitisha kwenye dodoso fupi la maswali tisa ambalo lipo kwa Kiswahili. Nenda na kadi yako ya bima. Mapokezi usiseme "nina malaria" ili kuficha. Sema "silali na nina mawazo mazito, naomba kumwona daktari wa afya ya akili". Huenda ukapewa mazungumzo ya tiba peke yake, huenda pamoja na dawa. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha nguvu, na huendelea kutumika miezi kadhaa baada ya nafuu, hivyo usizitupe wiki ya kwanza kwa kuwa hujaona kitu, wala usiziache ghafla siku utakayojisikia vizuri. Hazina ulevi ule wa valiamu.

Nafuu utaitambuaje? Haitakuja kama furaha. Utagundua kwamba kipindi kizima kimepita hukumfikiria. Utagombana na mwanafunzi kuhusu kazi ya nyumbani na hasira itakuwa ya kazi ya nyumbani tu. Halafu itakuja siku mbaya, labda sikukuu ya Krismasi au tarehe ya harusi yenu, udhani umerudi mwanzo. Hujarudi. Siku hizo zitazame mapema kwenye kalenda na uziwekee mtu.

Uliuliza kama umwambie mwalimu mkuu. Ndiyo, mwambie, kabla hajasikia kwa wengine na kabla kazi yako haijaanza kulalamikiwa. Humdai huruma wala humpi habari za ndoa yako. Unamwomba mambo mawili yanayowezekana: ruhusa ya siku za mahakama ukiwa na hati ya wito mkononi, na usipangiwe zamu ya wiki katika miezi hii kama kuna mwenzako anayeweza kubadilishana nawe. Ningesema hivi: "Mwalimu mkuu, niko kwenye shauri la kifamilia mahakamani na afya yangu imeyumba kidogo, naendelea na matibabu. Nitaleta hati za wito kila tarehe inapopangwa. Naomba jambo hili libaki kati yetu." Akikuuliza zaidi, mjibu kwamba kwa leo ni hayo tu.